Kabla ya Kuagiza Panya: Namna ya Kuchagua na Kutumia Modeli ya Wanyama katika Utafiti wa Magonjwa ya Kinga Kuushambulia Ubongo na Uti wa Mgongo

Kila mwaka, kipupwe kinapoingia na ukungu kuanza kukaa juu ya mlima Loleza hadi jua limepanda, wanafunzi wa uzamili hapa Mbeya huanza kuniletea maandiko yao ya utafiti niyapitie kabla hayajapelekwa kwenye kamati. Andiko moja lilianza kwa sentensi hii: "Utafiti utatumia panya wenye ugonjwa wa malitipo sklerosisi." Nilimweleza mwandishi wake kwamba hakuna panya mwenye ugonjwa huo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Sasa Mwalimu, hao wanaoandikwa kwenye majarida kila mwezi ni panya gani?" Swali lake lilikuwa la haki, na mwongozo huu ni jibu lake refu, kwa ajili ya yeyote anayekusudia kutumia wanyama kuchunguza magonjwa ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia ubongo, uti wa mgongo au neva za macho.

Malitipo sklerosisi, ambayo hapa nitaiita MS kama inavyoitwa wodini, ni ugonjwa wa binadamu ambao kinga huushambulia ubongo na uti wa mgongo, na panya hawaupati wenyewe. Panya wa kwenye majarida ni wanyama waliochokozwa kwa makusudi ili waoneshe kipande kimoja cha ugonjwa: pengine kupooza, pengine seli za kinga kuvuka kutoka kwenye damu na kuingia kwenye uti wa mgongo, pengine mayelini, yaani ule utando wa mafuta unaozizingira nyuzi za neva na kuuwezesha ujumbe kwenda kasi, kubanduka na kuota upya. Hakuna modeli inayobeba vipande vyote kwa pamoja. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuandika swali lako kwa sentensi moja na kukipigia mstari kipande cha ugonjwa kinachotajwa ndani yake. Sentensi isipokuwa na kipande cha kupigiwa mstari, andiko halijawa tayari, hata kama bajeti imeshapangwa hadi senti ya mwisho.

Modeli ilikotoka

Chanjo ya kichaa cha mbwa aliyoianzisha Louis Pasteur mwaka 1885 ilitengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura, na miongoni mwa waliochanjwa walikuwapo wachache waliopooza bila kuwa na kichaa chenyewe. Mwaka 1933 Thomas Rivers na wenzake, wakiwa New York, waliwachoma kima sindano nyingi za dondoo la ubongo wa sungura wazima, na baadhi ya kima hao wakapooza. Ikawa dhahiri kwamba tishu ya ubongo inaweza kuichochea kinga dhidi ya ubongo bila kirusi kuwapo. Shida ilikuwa wingi wa sindano. Mwaka 1947 Elvin Kabat na wenzake waliichanganya tishu hiyo na ajuvanti ya Freund, yaani mafuta yenye bakteria wa kifua kikuu waliouawa, na wanyama wakaugua ndani ya muda mfupi. Ugonjwa huo wa kutengenezwa ndio unaoitwa ensefalomailitisi ya majaribio, au EAE kwa kifupi, na hadi leo ndiyo modeli inayotumika zaidi kuliko nyingine zote.

Historia hii inamhusu mtafiti wa leo kwa sababu moja kubwa: EAE huanza kwa sindano, ilhali mgonjwa wa MS hakuchomwa ajuvanti na mtu yeyote. Ukiuliza ugonjwa huanzaje kwa binadamu, EAE haitakujibu. Mwaka 2022, kwa mfano, uchunguzi wa sampuli za damu za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionesha kwamba hatari ya kupata MS huongezeka sana baada ya kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho ni cha binadamu, na panya wa kawaida wa maabara hakimwambukizi. Ukitaka modeli inayoanza kwa kirusi, iliyopo ni ile ya kirusi cha Theiler, kilichopewa jina la Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa kazi ya chanjo ya homa ya manjano. Kirusi hicho, kikiingizwa kwenye ubongo wa panya wa ukoo wa SJL, huacha ugonjwa wa muda mrefu wa kubanduka kwa mayelini.

Kulioanisha swali na mnyama

Kwanza suala la lugha, maana limeshaleta hasara. Kiswahili chetu kina neno moja, panya, kwa mnyama wa gramu 20 na kwa yule wa gramu 300, na wote wawili ni tofauti kabisa na panya buku wanaofundishwa Morogoro kunusa kifua kikuu. Kwenye andiko eleza kama ni panya mdogo au panya mkubwa wa maabara, na uandike ukoo wake kwa herufi na tarakimu zake zote, kwa sababu ukoo ndio unaoamua ugonjwa utakuwa wa aina gani.

Panya wadogo wa ukoo wa C57BL/6, wakichomwa kipande cha protini ya mayelini kinachoitwa MOG 35–55, hupooza na kubaki na ulemavu kwa wiki nyingi. Hawa wanapendwa kwa sababu panya wengi waliobadilishwa jeni ni wa ukoo huu, na wanafaa sana kwa maswali kuhusu seli T aina ya CD4, yaani seli za kinga zinazoliongoza shambulio. Lakini kwa kipande hicho kifupi cha protini, ugonjwa hautegemei seli B, zile seli za kinga zinazotengeneza antibodi, na uharibifu hukaa zaidi kwenye uti wa mgongo kuliko kwenye ubongo. Panya wa SJL waliochomwa PLP 139–151, kipande cha protini nyingine ya mayelini, huugua, wakapata nafuu, kisha wakaugua tena, hivyo wanafaa kwa maswali ya kurudi kwa ugonjwa. Panya wakubwa wa ukoo wa Lewis waliochomwa protini ya msingi ya mayelini hupooza mara moja na kupona wenyewe ndani ya siku chache, mayelini yao ikiwa haijabanduka kwa kiasi kikubwa. Wanafaa kumwonesha mtafiti jinsi shambulio linavyozimika, na hawafai hata kidogo kupimia dawa ya kuotesha mayelini. Nimeona maandiko mawili yaliyowatumia kwa kazi hiyo ya pili, na yote mawili yaliahidi matokeo ambayo panya hao wangeyatoa hata wakipewa maji matupu.

Kama swali lako ni kuhusu kuota upya kwa mayelini, achana na EAE. Tumia kuprizoni, kemikali inayochanganywa kwenye chakula kwa kiwango cha asilimia 0.2 kwa wiki 5 au 6. Huua oligodendrosaiti, ambazo ndizo seli zinazotengeneza mayelini, na kuiacha ile daraja ya nyuzi inayounganisha pande mbili za ubongo ikiwa tupu. Ukiondoa kemikali, mayelini huota yenyewe, nawe unapima kasi yake. Hapa kinga haihusiki kama chanzo, na ni lazima useme hivyo wazi.

Kama swali ni kuhusu kazi ya seli zenyewe baada ya kuchokozwa, zipo njia za kuhamisha seli kutoka mnyama mgonjwa hadi mzima. Philip Paterson alifanya hivyo mwaka 1960 kwa seli za tezi za limfu, na mwaka 1981 Avraham Ben-Nun, Hartmut Wekerle na Irun Cohen walionesha kwamba seli T zilizooteshwa maabara peke yake zinatosha kumpoozesha panya. Anayepokea seli hizo hakuguswa na ajuvanti, na hiyo ndiyo faida yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa wanafunzi wa nyanda za juu kusini walifikirie zaidi. MS ni ugonjwa adimu katika nchi zilizo karibu na ikweta. Kijana anayeletwa hospitali ya rufaa miguu imekufa ganzi na jicho moja halioni, akishachunguzwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, VVU, kaswende na kichocho na vyote vikakosekana, mara nyingi anapaswa kufikiriwa ugonjwa wa nyuromailitisi optika, yaani kinga kuzishambulia neva za macho na uti wa mgongo, ambao huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu. Antibodi yake ilitambuliwa mwaka 2004, na mwaka uliofuata ikajulikana kwamba inalenga akwaporini-4, mlango wa maji ulio kwenye seli zinazoitwa astrosaiti. Modeli yake ni tofauti: antibodi kutoka kwa damu ya wagonjwa huchomwa kwa panya wakubwa ambao tayari wana EAE, kwa kuwa bila uchochezi huo ukuta kati ya damu na ubongo hauipitishi. Watafiti walifanya hivyo mwaka 2009, na panya wakapoteza astrosaiti kwa namna inayofanana na ya wagonjwa. Vivyo hivyo kwa ensefalitisi (uvimbe wa ubongo) ya antibodi dhidi ya NMDA, kipokezi cha ujumbe kwenye seli za neva, aliyoieleza Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007: maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa yakitiririshwa taratibu kwenye ubongo wa panya wadogo kwa siku 14, panya husahau, na yakikatishwa, kumbukumbu hurudi.

Jambo la pili la kwetu ni minyoo. Mwaka 2003 watafiti walionesha kwamba panya walioambukizwa kichocho, au waliochomwa mayai ya kichocho, hupata EAE iliyo hafifu zaidi; na mwaka 2007 huko Ajentina ilionekana kwamba wagonjwa wa MS wenye minyoo walirudiwa na ugonjwa mara chache kuliko wasio nayo. Sehemu yenye kichocho na minyoo ya tumbo kama nchi yetu ina maswali ya asili kabisa ya kuuliza hapo, badala ya kurudia jaribio lililokwisha kufanywa Ulaya mara hamsini.

Mahali panya walipowadanganya watu

Kabla ya kuahidi dawa kwenye andiko, jifunze mifano hii. Kuzuia TNF, kemikali ya kinga inayochochea uvimbe, kuliwasaidia panya wa EAE, lakini dawa ya lenercept ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa MS, matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalionesha kwamba ugonjwa ulizidi. Interferoni gama, kemikali nyingine ya kinga, inaweza kuwakinga panya. Wagonjwa waliopewa, kama ilivyoripotiwa mwaka 1987, walirudiwa na ugonjwa zaidi. Kinyume chake, mwaka 1992 ilionekana kwamba antibodi inayozuia seli za kinga kushikamana na kuta za mishipa ya damu huzuia EAE, na kutokana na ugunduzi huo ikapatikana dawa ya natalizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Hata hiyo iliondolewa sokoni mwaka 2005 kwa sababu ya maambukizi ya ubongo ambayo panya hawakuyatabiri, ikarudishwa mwaka 2006 kwa masharti. Nayo ocrelizumab, inayoziondoa seli B, iliidhinishwa mwaka 2017, ilhali panya wa MOG 35–55 wangekuambia kwamba seli B hazina kazi.

Somo la vitendo ni muda wa kuanza dawa. Dawa ikianza siku ileile ya kuchoma ajuvanti, unapima kuzuia kuchokozwa kwa kinga, si kutibu. Mgonjwa huja kliniki akiwa ameshaugua. Anza dawa baada ya mnyama kuonesha dalili, na kama una sababu ya kuanza mapema, iandike.

Kibali, chumba na baridi

Kamati itakuuliza kuhusu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kuhusu kanuni tatu za William Russell na Rex Burch za mwaka 1959: kutumia njia nyingine inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama na kupunguza mateso. Usizijibu kwa sentensi za kunakili. Onesha hesabu ya idadi ya panya, na utaje mapema hali ambayo ikifikiwa mnyama atauawa bila maumivu, kwa mfano kupungua uzito kwa asilimia 20, au kupooza miguu yote minne kwa zaidi ya saa 24.

Chumba ni suala kubwa huku kwetu kuliko vitabu vinavyodhani. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni chumba kisicho na kipasha joto hushuka mbali chini ya nyuzi 20 zinazotakiwa. Panya mdogo hujisikia vizuri karibu na nyuzi 30, na anayepooza hawezi kujikunyata wala kuchimba kiota. Nilijifunza hili kwa uchungu. Katika chumba cha wanyama nilichofanyia kazi miaka ya nyuma umeme ulikatika usiku wa kipupwe, na asubuhi nikakuta panya watatu wamekufa, ambao jana yake walikuwa na alama 2 tu ya ugonjwa, kwenye kipimo cha hadi 5 nitakachokieleza mbele. Nikaandika 5 kwa kila mmoja, kama utaratibu unavyosema. Wiki mbili baadaye, nikichora grafu, dawa yetu ilionekana ya ajabu. Ndipo nikakumbuka kwamba vizimba vyote vya kundi lisilopewa dawa vilikuwa rafu ya chini, penye baridi zaidi, kwa sababu tu ndivyo nilivyovipanga siku ya kwanza. Baridi ndiyo iliyowaua. Jaribio lote likatupwa.

Kwa hiyo changanya makundi ndani ya kila kizimba na kila rafu kwa kura, weka kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha chini cha usiku, na wape panya matandiko ya kutosha kujengea kiota. Waache wazoee chumba angalau wiki moja kabla ya sindano. Usibadilishe chakula katikati, kwa kuwa bakteria wa utumbo huuathiri ugonjwa huu: mwaka 2011 ilionekana kwamba panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote huikwepa EAE kwa kiasi kikubwa.

Kuandaa mchanganyiko na kuuchoma

Utaratibu wa kawaida kwa C57BL/6 hutumia majike wa wiki 8 hadi 12, kwa kuwa madume hupigana. Kila mmoja hupata mikrogramu 100 hadi 200 za MOG 35–55 ndani ya ajuvanti yenye bakteria waliouawa wa aina ya H37Ra, na sumu ya bakteria wa kifaduro, kwa kawaida nanogramu 200, tumboni siku hiyo na baada ya siku mbili. Nguvu ya sumu hiyo hutofautiana kati ya toleo na toleo la kiwandani, hivyo jaribu kila toleo jipya kwa panya wachache. Kundi la ulinganisho lipate kila kitu isipokuwa peptidi, yaani kile kipande cha MOG.

Kazi yenyewe hufanyika kwa mikono. Peptidi iliyoyeyushwa kwenye maji ya chumvi huwekwa kwenye bomba moja la sindano, mafuta kwenye jingine, kwa ujazo sawa; mabomba huunganishwa, yakawekwa kwenye barafu, na mchanganyiko ukasukumwa huku na huku. Dakika za mwanzo huteleza kirahisi. Kisha huanza kuwa mzito na mweupe kama mtindi mgandishe, na kidole gumba huanza kuuma. Hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo hupaswi kuacha. Dondosha tone moja juu ya maji kwenye bakuli. Likikaa kama lilivyo, limeiva. Likitawanyika juu ya maji, endelea kusukuma, kwa sababu mchanganyiko usioshikamana ndio chanzo cha kwanza cha panya "kukataa kuugua".

Vaa miwani na usirudishe kifuniko kwenye sindano. Watanzania wengi tuna kovu la BCG mkononi, na kinga zetu zinawafahamu bakteria wa jamii hiyo. Sindano hii ikikuchoma kidole, uvimbe na kidonda chake vinaweza kukaa kwa wiki nyingi. Ikitokea, nenda hospitali siku hiyohiyo na ueleze ulichojichoma.

Kusoma mkia

Kuanzia siku ya 7 pima uzito kila asubuhi saa ileile, kwani hupungua siku moja au mbili kabla ya dalili nyingine. Dalili zenyewe hutarajiwa kati ya siku ya 9 na ya 14. Mshike panya kwenye shina la mkia na umwinue. Mzima huukunja mkia na kuitawanya miguu ya nyuma. Mgonjwa wa alama 1 mkia wake hulegea na kuning'inia kama kamba iliyolowa. Mweke juu ya wavu wa kizimba na umwache atembee. Ukiona wayo wa nyuma unadumbukia kati ya nondo na anapata taabu kuutoa, hiyo ni 2. Akiburura miguu yote miwili ya nyuma ni 3, udhaifu ukifika miguu ya mbele ni 4, na 5 ni kufa au kukaribia kufa. Zipo nusu alama pia, lakini zitumie tu kama umeandika mapema nusu ina maana gani.

Anayetoa alama asijue nani alipewa dawa. Sharti hili hupuuzwa kwa kisingizio cha uchache wa watu. Muombe hata mhudumu wa chumba cha jirani, umfundishe kwa siku mbili. Panya akifikia alama 2, mwekee chakula kilicholowekwa kwenye sakafu ya kizimba na chupa ya maji yenye mrija mrefu, na kundi zima lipate hivyohivyo. Vinginevyo utakuwa unapima njaa.

Alama hizi ni madaraja, si sentimita. Pengo kati ya 1 na 2 si sawa na kati ya 3 na 4, kwa hiyo zilinganishe kwa kipimo cha takwimu cha Mann-Whitney au kinachofanana nacho, na uripoti pia siku dalili zilipoanza, kilele, na wangapi hawakuugua kabisa. Mwongozo wa ARRIVE, uliotolewa mwaka 2010 na kuhuishwa mwaka 2020, unaorodhesha yote yanayotakiwa kwenye ripoti. Upitie kabla ya jaribio, maana baadhi ya mambo hayawezi kurudiwa panya wakishakufa.

Siku ya mwisho chukua uti wa mgongo, hasa sehemu ya kiuno, uuhifadhi kwenye fomalini. Vipande vyake hupakwa hematoksilini na eosini ili seli za uchochezi zionekane, na rangi ya buluu ya Luxol ili mayelini ionekane; palipobanduka hubaki pamepauka pembezoni mwa duara la buluu. Vioo vipewe namba mpya na visomwe na mtu wa pili. Namba zake zote zikishaingia kwenye daftari kwa kalamu ya wino, ndipo bahasha yenye majina ya makundi ifunguliwe.